Nimefundisha Kiingereza Kambodia bure, na nimegundua tatizo la volontia nalijua tangu Moshi

Nianze na hela maana ndo swali la kwanza la kila mtu. Hapana, hulipwi. Ukienda nje kujitolea kufundisha Kiingereza mara nyingi wewe ndo unalipa, tiketi yako, visa yako, bima yako, na mawakala wengi wanakutoza na ada ya kukutafutia sehemu ya kwenda, halafu ukifika unakuta kituo chenyewe kwenye ile ada wameambulia kidogo au hawajaona hata senti. Mi nilienda Kambodia, kule Asia, mwaka 2019, mji wa Siem Reap, ule wenye mahekalu ya Angkor. Sikupitia wakala, niliwaandikia kituo moja kwa moja wakakubali nije ila nijigharamie kula na kulala. Hela nyingine ilikuwa akiba yangu ya kufundisha shule binafsi hapa Moshi, nyingine nikakopa kwenye kikoba. Mama aliposikia alinyamaza kwanza halafu akaniuliza, "Yaani mwanangu unaenda kufundisha watoto wa watu bure huko mwisho wa dunia, na hawa wa dada yako wanaorudishwa nyumbani sababu ya ada unawaona?" Nikamwambia mama nataka nikaone. Akasema haya, nenda ukaone, ila usije ukanipigia simu unalia.

Nilichotaka kuona ni hivi. Mi nimekulia upande wa pili wa hii biashara. Ukikaa Moshi mjini mavolontia ni watu wa mtaani kabisa, wengine wanakuja kwa ajili ya mlima, wakishuka wanabaki wiki mbili tatu wanafundisha. Karibu na kwetu kulikuwa na kituo cha bure, tukitoka shule tunapitia pale tunapewa uji na Kiingereza. Wale makaka na madada niliwapenda na wala siwasemi kwa ubaya, kuna mmoja alinipa rula niliyotumia mpaka sekondari. Ila kila aliyekuja alianza na jina lako nani, rangi, wanyama, na ule wimbo wa kujishika kichwa mpaka vidole vya miguu. Akiondoka anakuja mwingine, rangi, wanyama, wimbo. Nimefika darasa la saba najua rangi zote hadi zile za kanga za bibi ila kusema jana nilienda sokoni siwezi. Halafu form one hiyo hapo, baiolojia kwa Kiingereza, jiografia kwa Kiingereza, kila kitu kwa Kiingereza isipokuwa Kiswahili chenyewe, tukawa tunakariri tu bila kujua tunakariri nini. Waliosoma shule za kata wananielewa.

Kwa hiyo nilienda Kambodia nikiwa na hasira kidogo na hamu kidogo.

Kituo chenyewe kilikuwa nje ya mji, njia ya kuelekea ziwa Tonle Sap. Usifikirie jengo. Nyumba za vijijini kule zimeinuliwa juu ya nguzo, familia inakaa juu, chini panabaki uwazi wenye kivuli, wanaweka baiskeli, wanafunga bembea za kulalia, kuku wanapita. Darasa letu lilikuwa hapo chini, ubao mweupe umefungwa kwenye nguzo mbili kwa waya, mabenchi, feni moja ambayo umeme ukikatika basi. Mvua za kule zinaanza kama mwezi wa 5 mpaka wa 10, na ziwa linatanuka mara tano hivi kwa sababu maji ya mto Mekong yanakuwa mengi mpaka mto unaotoka ziwani unageuka unarudi nyuma, nilidhani wananidanganya mpaka nikaona kwa macho yangu jinsi maji yalivyosogea mashambani. Siku za mvua kubwa tulikuwa tunafundisha huku tunapiga kelele maana bati haliruhusu mtu kusikika.

Viatu mnavua nje. Watoto wakikuona wanaunganisha viganja kifuani wanainamisha kichwa, na mtoto humshiki kichwani hata kama umempenda vipi, kule kichwa ni sehemu ya heshima. Hili nalitaja kwa sababu sisi kwetu mtoto akifanya vizuri mkono wenyewe unaenda kichwani bila kuuliza, ikabidi niwe natembea nimeshika maka peni mikono yote miwili.

Siku ya kwanza niliingia darasani wakasimama wote wakaimba "good morning teacher, how are you, I'm fine thank you and you" kwa pumzi moja, hawajasubiri hata nijibu. Nilicheka peke yangu mbele ya darasa. Ni ule ule! Ule ule wa kwetu! Ile sauti ya kuvuta mwishoni kabisa. Sijui kuna kiwanda wapi kinatengeneza hiyo salamu kinasambaza dunia nzima kwa watoto maskini.

Sikuanza na majina. Niliomba nione madaftari yao ya zamani, wakashangaa kidogo, wakaenda kuyaleta. Kulikuwa na binti mmoja alikuwa anakuja na mdogo wake wa mgongoni, akanipa daftari lake limefungwa kwa raba. Ukurasa wa kwanza, jina langu ni fulani nina miaka 8, pembeni volontia kaweka stika ya nyota. Kurasa chache mbele, mwandiko wa mwalimu mwingine, jina langu ni fulani nina miaka 8. Halafu miaka 9. Halafu 9 tena, stika ya uso unaocheka. Halafu 10. Mpaka 11. Daftari zima ni ile sentensi moja, kilichokuwa kinabadilika ni umri wake na aina ya stika. Mwandiko ulikuwa mzuri kuliko wangu.

Nikaenda nalo kwa mwalimu mwenyeji, kule mwalimu wa kiume anaitwa lok kru na mi nitamwita hivyo hivyo. Nikamuonesha. Hakuwa na cha kushangaa, akaniambia watoto wanajua. Wanajua nini? Wanajua kila mgeni anafurahi akiona wamejifunza kitu siku ya kwanza, kwa hiyo wanajifanya hawajui, wanamwacha afundishe, wiki inaisha kila mtu amefurahi. Yaani watoto ndo walikuwa wanamlea volontia. Nilikaa na hilo neno usiku mzima, nikakumbuka na sisi tulivyokuwa tunafanya, tulikuwa tunajua kabisa njano ni yellow lakini unamwacha dada wa watu ajisikie.

Sasa linganisha na hii. Jumapili moja nilienda Angkor, kiingilio kwa mgeni dola 37 kwa siku, inauma lakini huwezi kukaa pale usiende. Karibu na geti la hekalu moja kuna watoto wanauza bangili na postikadi, anakuhesabia one two three mpaka ten kwa dola moja. Kijana mmoja mdogo akaniuliza natokea wapi, nikasema Tanzania nikiwa na uhakika hapo mazungumzo yameisha maana Siem Reap nzima walikuwa wananiuliza kama Tanzania ni sehemu ya South Africa. Akasema hapo hapo "Tanzania, capital Dodoma, you buy from me." Dodoma! Nina ndugu zangu hapa hapa wanaosema Dar! Nikanunua bangili tatu. Baadaye nikajua ni mchezo wao wa siku nyingi, wanakariri miji mikuu ya dunia, mtalii akishangaa tu umemuuza. Huyo kijana aliongea na mimi Kiingereza, akamgeukia Mfaransa akaongea Kifaransa cha kuuzia, akawageukia Wachina. Na anasoma, shule za kule nyingi zinaingia kwa zamu, wengine asubuhi wengine mchana, kwa hiyo nusu siku shule nusu siku biashara.

Simsifii mtoto kufanya kazi, naomba nieleweke. Mashirika ya pale yanawaomba wageni wasinunue kwa watoto maana ndivyo wanavyozidi kubaki barabarani badala ya darasani, na baada ya kuelezwa sikununua tena. Nachosema ni kwamba yule alikuwa na sababu ya kuongea na alikuwa anaongea kila siku na anajibiwa. Wa kituoni kwetu walikuwa wanaimba.

Nikarudi kwa lok kru. Huyu baba alinifundisha kazi. Sarufi ya Kiingereza anaijua kuliko mimi, hilo nalisema bila aibu, anaweza kukueleza kwa Kikhmer, lugha ya kule, tofauti ya nimeenda na nilienda mpaka mtoto wa darasa la nne akaelewa, mi hiyo lugha sina kwa hiyo ningekaa naigiza kwa mikono mpaka kesho. Shida yake ilikuwa kuongea. Alikuwa anaona aibu mbele ya wageni, akija volontia yeye anarudi nyuma anakaa kwenye kiti cha plastiki anakuwa mtu wa kunyamazisha watoto na kufuta ubao. Miaka! Mwalimu mwenye cheti anafutia ubao mtoto wa miaka 19 aliyekuja likizo. Na kwa mshahara wa kule walimu wengi wanafundisha tuisheni ya kulipia baada ya vipindi, kama kwetu tu, asiyekuwa na hela ya tuisheni anaachwa nyuma, ndo maana kituo cha bure kilijaa.

Tukakubaliana hivi. Yeye anafundisha mbele, mi nakaa kwenye kile kiti cha plastiki. Akihitaji matamshi au mfano wa mazungumzo ananiita, nasimama, tunaongea mimi na yeye mbele ya watoto kama watu wawili sokoni, bei gani hii samaki, punguza bwana, basi chukua mbili. Watoto walikuwa wanakufa kwa kucheka kumuona mwalimu wao anagombana bei na mimi. Jioni wakishaondoka tunabaki tunapiga stori kwa Kiingereza tu, yeye ananisahihisha sarufi mi namsahihisha kuongea, mkewe anatuletea wali na samaki na ile prahok yao, samaki waliovundikwa, harufu yake usipime, lakini ukishazoea unaikumbuka.

Matamshi yalikuwa vichekesho vya peke yake. Watoto wa kule sauti ya mwisho wa neno wanaimeza, kwa hiyo I like rice inakuwa ai lai rai. Sasa mswahili sisi tunafanya kinyume, tunaongeza irabu, ai laiki raisi. Nikawaambia mmoja wetu ana pungufu na mwingine ana ziada, tukichanganya tunapata Mwingereza mmoja mzima. Lok kru akawatafsiria, wakaanza mchezo, upande mmoja wa darasa unasema kwa Kikhmer upande mwingine kwa kiswahili-swahili mpaka tunakutana katikati. Ule mchezo ulifanya kazi kuliko kitabu chochote nilichobeba. Wakati uliopita nao ulisumbua sababu kitenzi cha Kikhmer hakibadiliki kwa wakati, wanasema jana mi naenda sokoni na kwao iko sawa kabisa maana jana umeshaisema. Hapo nilimwachia lok kru.

Kitu kingine tulifanya ni daftari la makabidhiano. Daftari kubwa la kawaida la dukani. Kila jioni anayefundisha anaandika tarehe, kimefundishwa nini, nani kaelewa, nani bado, kesho kinaanza wapi. Volontia mpya akija anapewa hilo daftari kabla hajaonana na watoto. Alikuja dada mmoja kutoka Ulaya na begi limejaa kadi za wanyama, amezikata mwenyewe kwa mkasi, alinuna kidogo alipoambiwa wanyama wameshapita miaka mingi. Akapewa kundi la wakubwa afanye nao mahojiano ya kazi ya hotelini, maana Siem Reap kazi ni hotelini, migahawa, bajaji, kuongoza watalii. Akawa mhojaji mkali balaa. Akaondoka anasema ndo kitu chenye maana alichofanya pale, na zile kadi akaacha kwa watoto wadogo kabisa ambao kweli walikuwa hawajui tembo.

Sasa suala la rangi yangu, najua mnalisubiria. Ndio, lilikuwepo. Bango la kituo barabarani lilikuwa na picha za wazungu wamebebana na watoto, na mzazi mmoja alikuja akaniangalia, akamuuliza lok kru mwalimu mgeni yuko wapi, nimesimama hapo hapo. Matangazo ya kazi za kulipwa mjini mengi yanataka mtu aliyezaliwa na Kiingereza, na nimekutana na Wacameroon na Wafilipino wanaofundisha vizuri sana wakalalamika wanalipwa chini ya mtu ambaye sifa yake kubwa ni pasipoti. Mratibu mmoja, sio wa kituo chetu, alinishauri nikiulizwa niseme natokea Marekani. Nilimwambia kaka, hata nikidanganya nchi, lafudhi ya Kilimanjaro ntaificha wapi. Watoto wenyewe hawakuwa na tatizo, wiki ya kwanza waligusa nywele zangu wakamaliza, baada ya hapo walitaka kujua kwetu tunakula nini, wakashangaa kwamba na sisi ni wali. Na niseme ukweli, kuna faida moja wenzangu wazungu hawakuwa nayo. Yule binti akija na mdogo wake mgongoni volontia mwingine alikuwa anasema huyu mtoto anaharibu darasa, kwangu ilikuwa kawaida, tulimtandikia krama, ile skafu yao ya mistari, analala chini ya benchi. Wazazi wao walikuwa Thailand kwenye kazi za ujenzi, watu wengi wa kijiji kile wamevuka mpaka, watoto wanabaki na bibi. Msimu wa kupandikiza mpunga darasa linabaki nusu, na ukikasirika utakuwa unamkasirikia nani?

Kuna kitu kingine nikawa nakisikia kwa wazee na hawapendi kukisema sana. Kati ya 1975 na 1979, enzi za Khmer Rouge, wale wakomunisti waliotawala kwa mauaji, shule zilifungwa, waliosoma waliwindwa, walimu wengi sana waliuawa au wakakimbia. Phnom Penh, mji mkuu wao, kuna gereza la mateso la wakati ule ambalo sasa ni makumbusho, Tuol Sleng, lilikuwa shule ya sekondari, unaingia chumba unaona kabisa hili lilikuwa darasa. Bibi wa yule binti alikuwa hajui kusoma kwa sababu hiyo, sio kwa sababu ya uvivu wala umaskini peke yake. Ukishajua hilo ukimuona lok kru amekaa nyuma kwenye kiti cha plastiki inakuuma tofauti. Nchi ilipoteza walimu wake ikaanza upya karibu sifuri, halafu sisi tunakuja tunamkalisha aliyepo.

Na vituo vya yatima. Hapa nitakuwa mkali. Vituo vya kulelea watoto Kambodia viliongezeka kutoka 154 mwaka 2005 hadi 269 mwaka 2010, na sio kwamba yatima waliongezeka, vita vilikuwa vimeisha zamani. Watalii waliongezeka. Utafiti uliofanywa na serikali yao pamoja na UNICEF ulikuta karibu watoto watatu kwa kila wanne kwenye vile vituo wana mzazi angalau mmoja aliye hai. Familia maskini inaambiwa mtoto atasoma Kiingereza bure, inamtoa, mtoto anawekwa kituoni, wageni wanakuja wanalia wanachangia. Nilialikwa kimoja na mavolontia wenzangu, tumefika usiku watoto wakatolewa kucheza ngoma mbele yetu, wadogo, macho mekundu ya usingizi, kisha ndoo ya michango ikapita. Sikutia hela. Kiingereza ndo kilikuwa chambo hapo, hilo ndo linaloniumiza, kitu nilichoenda kufundisha ndo kinatumika kumtoa mtoto kwa mama yake wakati angeweza kukipata jioni chini ya nyumba ya jirani akarudi kulala kwao. Na msidhani ni Kambodia tu.

Kwa hiyo dada na kaka zangu mnaoniuliza koneksheni, mi koneksheni nitakupa lakini kwanza waulize wao. Waulize nikiondoka nani anaendelea kufundisha hao watoto. Wakisema volontia anayefuata, achana nao. Uliza kama watoto wanalala pale au wanarudi kwao. Uliza mwalimu mwenyeji ni nani na analipwa na nani, na uombe kuongea naye kwenye simu kabla hujakata tiketi, mi sikuongea naye kabla lakini ningekuwa naenda leo ningefanya hivyo. Na waangalie kama watakuuliza ripoti ya polisi, ile ya kuonesha huna rekodi ya uhalifu. Mi nilienda kabisa kuchukuliwa alama za vidole nikalipia, nikasafiri na karatasi yangu safi ndani ya bahasha, hakuna aliyeiomba. Mtu yeyote angeweza kuingia pale akapewa watoto arobaini. Niliiacha mezani kwa mkurugenzi nikamwambia kaka hii iwe ya kwanza kwenye faili, na wanaofuata wawe wanaleta, na baadaye lok kru aliniambia walianza kuidai.

Zawadi usigawe mkononi. Pipi ndo kabisa. Kama una hela nunua madaftari kwenye duka la pale pale kijijini, kabidhi kwa mwalimu, yeye ndo atoe, heshima ibaki kwake na hela ibaki kwa mwenye duka. Dola inatumika kila sehemu, chenji wanakurudishia kwa riel, hela yao, kama riel elfu 4 kwa dola moja, noti ya dola ikiwa imechanika kidogo hawaipokei kwa hiyo kagua kabla hujatoka Dar. Cheti cha kufundisha Kiingereza kile cha mtandaoni cha masaa 120 kinasaidia kupata nafasi, darasani kinasaidia kidogo. Kama wiki zako ni mbili tu, usishike darasa, kaa na mwalimu jioni muongee, ndo mchango mkubwa utakaoacha kwa muda huo.

Mwaka 2020 mwezi wa 3 Kambodia walifunga shule sababu ya korona, watalii wakaisha Siem Reap, mahoteli yakafunga, mavolontia wote wakarudi makwao. Vituo kadhaa nilivyovijua vilikufa kimya kimya, bila volontia hakuna mwalimu na bila mwalimu hakuna kituo. Lok kru alianza kuwarekodia watoto masomo kwa sauti akiwatumia Telegram, wale wenye simu nyumbani wanawasikilizisha majirani, na waliporuhusiwa kufungua alianzia palepale daftari lilipoishia, alinitumia picha ya ukurasa.

Tunaandikiana mpaka leo. Aliniomba mitihani ya zamani ya Kiingereza ya kwetu nikamtumia ya form two, akaipitia akaniambia ni migumu na maswali mengine yameandikwa vibaya, akanisahihishia mawili, na kusema kweli yuko sahihi. Yule binti wa daftari la raba anafanya kazi mapokezi kwenye nyumba ya wageni mjini, mdogo wake sasa yuko darasani kwa lok kru. Hela ya kikoba niliyokuwa nadaiwa nilishairudisha, na watoto wa dada Jumamosi wanakuja kwangu na wenzao wa mtaani, bure, uji wanakuja nao wenyewe. Wakubwa tumeanza na jana nilienda sokoni.